Kufuta Barua za Watu

Nimechoka. Naanza na hilo ili usije ukaniuliza baadaye mbona huyu mama anasimulia huku anahema. Miaka kumi na saba nimekaa mbele ya kompyuta moja, kwenye chumba changu cha steshenari karibu na soko la Sumbawanga, nikiandika barua za watu. Za kuomba kazi, za kuomba msamaha, za kumshtaki jirani aliyesogeza mpaka, za kumkataa mchumba. Baridi ya huku vidole vyangu vinaijua. Mwaka huu macho nayo yakagoma, na mama yangu kule Kate akateleza njia ya kisimani, nyonga ikavunjika. Nikasema basi, Otilia, uza mashine, rudi nyumbani ukamtunze mzazi wako.

Mnunuzi alipatikana upesi. Ni Mwalimu Christopha, mtu mpole, alitaka binti yake apate ya kujifunzia. Tukakubaliana aje kuichukua Ijumaa jioni. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana mle ndani mlikuwa na siri za nusu ya mji.

Usidhani natia chumvi. Mwaka juzi mtu mmoja wa mtaa mwingine aliuza kompyuta yake bila kuifuta sawasawa, na barua ya mke wa mtu ikazunguka kwenye simu za watu wiki mbili nzima. Yule mama ilibidi ahame. Tangu siku ile wateja wangu hawaanzi na salamu, wanaanza na, "Mama Otilia, hii lakini itabaki hapahapa, eeh?" Nami najibu itabaki hapahapa, nimekula kiapo? Sijala, lakini najibu hivyo.

Nikamwita Yonas, fundi wa kompyuta, baba wa watoto watatu mwenye kipara chake na heshima zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nifutie mashine hii. Yote, kisibaki kitu."

"Kufuta kwa kawaida au kufuta kabisa?"

"Kuna kufuta gani kusiko kabisa, Yonas?"

Akacheka. "Mama, ukifuta hivi unavyofuta siku zote, unaondoa jina mlangoni tu. Mwenye nyumba bado yumo ndani. Mtu mjuzi akibisha hodi anamkuta. Kufuta kabisa ni kujaza takataka kila chumba mpaka hata mimi nisipate pa kuingilia. Kunachukua siku nzima, na umeme usikatike."

"Jaza hizo takataka," nikamwambia.

Lakini nikaona si ustaarabu kufuta bila kuwaarifu wenyewe. Wapo waliokuwa wanarudi hata baada ya miaka mitano, "Mama, nitolee tena ile barua yangu." Kwa hiyo nikaandika tangazo, nikampelekea katekista, likasomwa baada ya misa Jumapili mbili mfululizo, parokiani na kwenye vigango vyote mpaka Kasense. Mama Otilia wa steshenari anafunga. Mwenye kitu chake aje kabla ya Alhamisi. Baada ya hapo kila kitu kitafutwa. Nikajiona nimemaliza kazi kiungwana. Kwetu sisi, tangazo likishasomwa kanisani limesomwa. Hata mlevi aliyelala nyumbani atalisikia kwa mkewe kabla hajaoga.

Wee! Walikuja. Nilidhani watakuja na flashi zao kuchukua vitu. Hakuna aliyetaka kuchukua. Walikuja kuona kwa macho yao vinavyofutwa.

Wa kwanza alikuwa Mzee Adolfu, ana miaka sabini na kitu, aliwahi kumwandikia mjane mmoja barua ya posa na mjane akamkatalia mbele ya wajukuu. Akasogeza kiti mpaka pua ikagusa kioo. "Futa nikiona," akasema. Nikabonyeza, barua ikaondoka. Akanigeukia.

"Imekwenda wapi?"

"Haipo tena, baba."

"Mbona sijaiona ikienda?"

Nikamweleza, nikamweleza tena. Mzee hakuelewa na wala hakutaka kuelewa. Mwisho nikachoka, nikairudisha ile barua, nikaichapa kwenye karatasi, nikampa mkononi. Mzee Adolfu aliisoma yote taratibu, akaichana vipande vinne, akavitia kwenye jiko la mkaa lililokuwa miguuni pangu, akatazama mpaka ikawa majivu. "Sasa imefutika," akasema, akavaa kofia akaondoka.

Kosa langu. Foleni yote ilimwona. Kuanzia hapo kila mtu akataka hivyohivyo, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikawa nachapa barua ili zifutike. Cornelia wa sokoni alikuwa na barua kumi na moja, zote za kugombana na dada yake. Coleta akanishika mkono, "Na ya kwangu ichomwe mbele yangu, nisije nikasikia mambo." Marselino aliyekuwa nyuma yake akasema, "Mama Otilia, ungefungua tanuri tu, steshenari ilikuwa inakupotezea muda." Watu wakacheka, mimi nikakohoa moshi. Jumanne wino ukaisha, nikanunua mwingine kwa hela yangu. Jumatano jioni nilikuwa nanuka kama mchoma mkaa, nikawaambia waliobaki, jamani, nendeni, nawaapia kesho fundi anafuta yote, hata ya kwangu mwenyewe.

Alhamisi saa mbili asubuhi Yonas akaweka flashi yake, akabonyeza anavyojua, tukaanza kutazama namba inapanda. Asilimia tatu. Asilimia tisa. Saa saba mchana umeme ukakatika, ikabidi aanze upya. Ijumaa saa tano asubuhi kioo kikaandika asilimia mia. Yonas akainua mikono kama padri. Nikanywa chai yangu kikombe kizima bila mtu kuniita. Kwa muda wa kikombe kile nilijisikia mwepesi, sitaki kudanganya.

Kikombe hakijakauka, Kabula akaingia.

Kabula ni Msukuma wa bondeni, kule chini upande wa Ilemba, ambako wenzetu waliotoka kaskazini na ng'ombe wao walikwenda kutafuta malisho na mashamba ya mpunga. Mwanamke mrefu, mkimya, shuka begani, vumbi mpaka magotini. Kila baada ya mavuno alinitumia debe la mchele kwa mtu yeyote anayepanda mjini, hata nikimwambia acha. Mumewe, Bundala, alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Nilikuwa sijamwona tangu msiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimekuja kuchukua karatasi ya Bundala. Ile aliyokuachia kwenye mashine."

Yonas alinitazama. Mimi nilitazama kikombe.

Ngoja nikueleze ile karatasi. Miaka mitatu iliyopita Bundala alikuja dukani na mkewe. Kabula akakaa nje kwenye benchi akimenya chungwa, Bundala akaingia, akaurudisha mlango nusu, akaniambia, "Niandikie wosia." Tuliuandika karibu saa tatu, maana alikuwa anafikiri kila neno, na umeme ulikatika mara mbili nikaanza upya. Akaweka dole gumba. Mashahidi tulikuwa mimi na marehemu Mzee Yohanes, fundi cherehani wa chumba cha pili. Kisha akaniomba niupige picha kwenye mashine, wenye madole yote, niuhifadhi. "Nyumba yangu ni ya nyasi," akasema, "na nina ndugu. Hii mashine yako haiungui wala haina ndugu." Nikamjibu kwa kinywa hiki, "Utakaa humu hata mimi nikifa."

Niliandika faili lake kwa jina la "mchele", maana wateja wanaoitwa Bundala ni wengi, na nikalisahau.

"Karatasi yenyewe iko wapi?" nikamuuliza Kabula.

"Ilikuwa kwenye sanduku la bati. Siku ya tatu ya msiba shemeji yangu Maduhu alichukua funguo. Sanduku liliporudi lilikuwa na nguo tu. Anasema kaka yake hakuacha karatasi. Anasema shamba ni la ukoo na ng'ombe ni wa ukoo, na mimi ama anirithi yeye, ama nirudi kwetu nilikozaliwa. Nimeondoka kwetu nina miaka kumi na sita, mama, nirudi kwa nani? Kesho kuna kikao mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Bundala aliniambia, ikipotea nenda kwa mama wa mashine."

"Kabula," nikasema, "hukusikia tangazo?"

"Tangazo gani?"

"La kwamba nafunga. Lilisomwa Jumapili mbili."

"Lilisomwa wapi?"

"Kanisani."

Akanitazama. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sisi hatusali huko," akasema.

Jamani! Nilitamani nijizabe kofi. Miaka kumi na saba nahudumia watu wa kila aina, watu wa bondeni ndio walionilisha mchele, na nilipotaka kuutangazia ulimwengu, ulimwengu wangu wote ukaishia kwenye mabenchi ya kanisa letu. Hata sikuwaza. Ningebandika karatasi moja tu mlangoni, au nimpe salamu yule anayeleta maziwa kutoka bondeni. Sikuwaza!

"Yonas," nikasema, "kirudishe kimoja tu. Kimoja."

"Mama, ulisema kisibaki kitu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna. Hata ukiipeleka Dar, hakuna."

Kabula hakuelewa mambo ya asilimia, lakini alielewa uso wangu. Akakaa chini sakafuni palepale, akaweka mikono kwenye magoti. Hakulia. Nilimuuliza kama amekula, akasema amekula, ikawa wazi hajala. Nikamchemshia uji.

Akiwa anakunywa ndipo akasema, "Lakini wewe uliandika. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka yote kasoro kitu kimoja, na nilikumbuka pia kitu ambacho nisingependa kukikumbuka. Bundala aliandika ekari kumi za mpunga, nyumba na ng'ombe ishirini kwa Kabula. Aliorodhesha ng'ombe waliolala kwenye mazizi ya watu wengine, maana hao wenzetu wana desturi ya kuwagawa ng'ombe kwa jamaa na marafiki wawachungie, ugonjwa ukipita usiwamalize wote pamoja. Hiyo orodha ya nani ana wangapi ndiyo iliyonitoka. Na chini ya yote akaandika ekari tano na ng'ombe sita kwa Sharon, binti yake, aliyezaa na Agnesi wa Kasense.

Agnesi namjua. Tuko parokia moja. Analima ulezi, anaimba sauti ya pili kwaya, na mtoto wake husema baba yake ni mfanyabiashara wa mbali. Bundala alikuwa akija mnadani Sumbawanga, na mengine ni yao. Siku ile aliposema jina la Agnesi alishusha sauti, akatazama mlangoni, na nje Kabula alikuwa anatema mbegu za chungwa.

"Nakumbuka," nikamwambia Kabula. "Nitakuja kusema."

Basi la Kate nilikuwa nimekwisha kulikatia tiketi ya kesho yake. Nikampigia mdogo wangu amwangalie mama siku mbili zaidi, akanung'unika, nikamwambia nung'unika tu. Jioni Mwalimu Christopha akaichukua mashine yake, akanishukuru kwa kuisafisha. Nikamwambia karibu.

Asubuhi tulishuka mlima kwa pikipiki, mshikaki, dereva mbele, Kabula katikati, mimi nyuma na mkoba wangu. Kadiri tunavyoshuka ndivyo sweta lilivyonichoma, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Ule wosia sasa hauko popote. Maduhu amekwishautupa. Mzee Yohanes amekufa. Duniani yuko mtu mmoja tu anayejua uliandikwa nini, naye ni mimi. Nikisema nusu, nusu ndiyo itakuwa yote. Kabula atapata shamba lake, atarudi nyumbani na mume wake marehemu akiwa mzima vilevile moyoni mwake. Na Sharon? Sharon hajui kama ana ekari tano. Anayekosa kitu asichokijua halii. Nilijiambia hivyo, na nilijua ni uongo, maana nimemwona yule mtoto akienda shule na viatu vya kiume vya mtu mzima.

Kikao kilikuwa kwenye banda la mashine ya kukoboa mpunga. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Loth, alikalia gunia. Wazee sita, wanawake nyuma, na Maduhu mbele, koti jeusi kwenye joto lile, jasho linamtiririka hataki kulivua.

"Marehemu kaka yangu hakuacha karatasi," Maduhu akasema. "Hakuacha wosia, hakuacha neno. Kama ipo karatasi, tuoneshwe."

"Huyu mama ndiye aliyeandika," Kabula akasema.

Mzee Loth akanigeukia. "Karibu, mama. Karatasi unayo?"

"Sina."

"Kwenye mashine?"

"Nilifuta. Jana."

Vicheko. Maduhu alicheka mpaka akajipiga paja. Mimi nina miaka hamsini na tisa, nimeandikia watu barua za mpaka ofisi kubwa, na sijawahi kuona aibu ya namna ile. Mzee Loth akainua mkono, wakanyamaza. "Mama alikuwa shahidi. Shahidi ana mdomo. Sema."

Nikasimama. "Alisema hivi: Mimi Bundala, nikiwa na akili zangu timamu, na bila kulazimishwa na mtu, naacha ekari kumi za mpunga zilizopakana na mfereji, pamoja na nyumba, kwa mke wangu Kabula. Pia ng'ombe ishirini."

"Wako kwa nani hao ng'ombe?" Maduhu akarukia.

"Kulikuwa na orodha. Siikumbuki."

"Haikumbuki!" Akawageukia wazee. "Mnasikia?"

"Endelea, mama," Mzee Loth akasema.

Nikamtazama Kabula. Alikuwa amenyoosha shingo, midomo inatembea, anayafuata maneno yangu moja moja kama mtu anayehesabu vifaranga. Nikaona siwezi. Si kwamba niliamua. Nilichoka tu, mwili wote, nikasema, "Basi. Hayo ndiyo yaliyoandikwa." Nikakaa.

Maduhu akaruka juu. "Muongo! Mmemwona muongo? Kama kweli wewe ndiye uliyeandika, mbona umeziruka ekari tano za yule mtoto wa Kasense? Mbona umewaruka ng'ombe sita? Huyu mama kafundishwa cha kusema!"

Maduhu bado alikuwa amenielekezea kidole, anatabasamu, amefurahi kunikamata. Mzee Loth akajikuna kidevu.

"Maduhu," akasema, "umesema kaka yako hakuacha karatasi."

"Ndiyo."

"Wala neno."

"Ndiyo."

"Hizo ekari tano umezisoma wapi?"

Kidole kikashuka. "Aliniambia kwa mdomo."

"Na kwamba mama huyu ameruka, hilo nalo alikuambia kwa mdomo?"

Mkono wa kushoto wa Maduhu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti, ukakaa hapo. Watu wote waliuona.

"Itoe," Mzee Loth akasema.

Aliitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nane, imechakaa kwenye mikunjo, ina alama za vidole za mafuta. Ndipo nikaelewa kwa nini hakuichoma. Ile orodha ya ng'ombe ndiyo aliyokuwa anaihitaji. Alikuwa akizunguka nayo zizi kwa zizi, anawakusanya. Bila karatasi asingejua aende kwa nani. Mmoja wa wazee akasema kwa sauti kubwa, "Na mimi alikuja kwangu wiki jana akachukua watatu, akasema kaka yake alimwambia kabla ya kufa!" Wanawake nyuma wakaanza kupiga makelele.

Mzee Loth akaipokea, akainyoosha kwenye goti, kisha akanipa mimi. "Macho yangu hayafai. Soma, mama. Yote. Usiruke."

Macho yangu nayo hayakufaa, lakini mpaka kufika kwenye ng'ombe sikuhitaji macho. Nikasoma. "Mimi Bundala, nikiwa na akili zangu timamu, na bila kulazimishwa na mtu, naacha ekari kumi za mpunga zilizopakana na mfereji, pamoja na nyumba, kwa mke wangu mkubwa Kabula..."

"Rudia hapo," Kabula akasema.

Nikarudia.

"Mkubwa?"

"Ndiyo ilivyoandikwa."

"Mkubwa kwa nani? Niko peke yangu."

Wazee wakatazama chini, na kwa jinsi walivyotazama chini nikajua kuwa hata wao, au nusu yao, walikuwa wanajua. Nikaendelea kusoma maana nilikuwa nimeambiwa nisiruke. Nilisoma ng'ombe wote na mazizi yao, pua ikigusa karatasi. Nilisoma jina la Sharon na jina la Agnesi na ekari tano na ng'ombe sita. Sauti yangu ilikuwa ile ninayosomea wateja barua zao kabla ya kuzichapa, sina nyingine. Nilipomaliza, Mzee Loth akatamka kwamba wosia utafuatwa kama ulivyo, na Maduhu arudishe kila ng'ombe aliyemchukua ndani ya wiki. Kabula alikuwa ameshinda. Alipokea karatasi yake kwa mikono miwili, akapiga goti kuwashukuru wazee.

Akanisindikiza mpaka barabarani nilikokuwa nasubiri pikipiki. Nikaona afadhali nianze mimi.

"Kabula, nisamehe."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Siku ileile uliyoandika."

"Siku ileile."

"Na mchele wangu ukawa unakula."

Ungekuwa wewe ungejibu nini? Kazi yangu ni kuandika na kunyamaza, ndivyo nilivyokuwa nikijisemea miaka yote, na nilipolitafuta neno hilo ili nimwambie, nikaona aibu kulitoa.

"Yule mtoto ana miaka mingapi?" akauliza.

Ningeweza kusema sijui. "Kumi na miwili. Atafikisha kumi na mitatu mwezi wa nane."

Alisimama. Akahesabu kwa vidole juu ya ile karatasi, akarudia kuhesabu. "Mwezi wa nane mwaka ule," akasema, "mimi nilimzika wangu. Alikaa siku tisa. Bundala hakuwepo. Walisema yuko mnadani Sumbawanga, ng'ombe hawajapata mnunuzi. Nilimzika na mama mkwe."

Nikamshika mkono. Hakuuondoa, lakini haukunishika. Pikipiki ilikuja, dereva akapiga honi, nikamwambia asubiri.

Kabula akaukunja ule wosia, akaufunga kwenye ncha ya shuka. Alikuwa anatazama kule mashamba ya mpunga yalikoanzia.

"Huyo Agnesi," akasema, "unaonana naye?"

"Tunaonana."

"Mwambie aje kupimiwa ekari zake kabla ya mvua. Aje na jembe. Asije na maneno, mimi sitaweza maneno." Akavuta pumzi. "Na mtoto asimlete. Mwaka huu asimlete."

"Nitamwambia," nikasema.

"Mwambie wewe kwa mdomo. Usiandike."

Akageuka akaenda. Mimi nikapanda pikipiki, na dereva akaniuliza mara mbili tunaelekea wapi ndipo nikakumbuka kumjibu, Kasense.